UZI: Bajaji, boda na barabara ya umma Garissa. Nani ana mamlaka ya nini?

Kila msimu wa siasa ukifika Garissa, bajaji inapanda jukwaani kabla ya mgombea mwenyewe. Mmoja anaahidi kwamba vijana wetu hawatasumbuliwa tena na polisi. Mwingine anaapa atazitoa zote mjini ndani ya wiki moja. Makofi pande zote mbili. Swali ambalo sijasikia likiulizwa ni hili: huyu anayeahidi, mamlaka hayo anayo?

Sitataja mtu wala chama, mnajua kawaida ya ukurasa huu. Nataka tuelewane sheria inasema nini, maana bili ya haya maneno inalipwa na watu ambao hawakuwa hata kwenye mkutano. Nitafika hapo, vumilieni.

Tuanze na barabara yenyewe. Watu wengi wanadhani barabara ya umma ni lami tu, ile ya kutoka daraja la Tana kuingia mjini na kuendelea Dadaab mpaka Liboi. Kwa hivyo kijana anaambiwa, "wewe zungukia njia za mchanga kule bulla, huko hakuna sheria." Si kweli. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inahesabu kuwa barabara hata njia ya kawaida, hata uwanja wa kuegesha magari, mradi chombo kinaweza kupita na umma unaruhusiwa kuingia. Ule mchanga wa Iftin ni barabara. Uwanja wa soko ambapo bajaji zinageuzia, barabara vilevile.

Ukishakubali hilo, mengine yanafuata yenyewe. Chombo chochote cha injini kikiwa barabarani lazima kiwe kimesajiliwa, kiwe na namba, kiwe na bima, na anayekiendesha awe na leseni ya daraja lake. Ndiyo maana namba za bajaji zinaanza na KTW na za pikipiki zinaanza na KM. Ni vitu viwili tofauti kwenye rejista. Kwenye leseni, A3 ndiyo inayohusu teksi za pikipiki, wabeba vifurushi na vyombo vya magurudumu matatu. Kijana akikuonyesha leseni ya gari dogo na anabeba abiria kwa bajaji, karatasi anayo, ila si ya kazi ile.

Kuna wanaouliza pia kuhusu zile pikipiki za magurudumu manne, kwadi, ambazo watalii wanachezea mchangani kule Diani. Mtu ana shamba kando ya Tana, anaona hii kitu ingemfaa kuliko punda. Shambani kwako, ndani ya ua wako, endesha. Ukitoka tu langoni kuingia njia ya watu, maswali ni yale yale: imesajiliwa? namba iko wapi? bima? Na hapo ndipo wengi wanakwama, kwa sababu orodha ya madaraja ya leseni inataja magurudumu mawili na matatu, kisha inaruka kwenye magari. Kwadi haina daraja lenye jina lake. Uliza NTSA kabla ya kununua. Muuzaji atakuambia hakuna shida, na yeye hatakuwepo siku ya kusimamishwa.

Sasa mamlaka. Hapa ndipo wanasiasa wanatuchanganya, wengine kwa kutojua, wengine makusudi.

Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imegawa kazi. Serikali ya kitaifa imepewa usafiri kwa jumla, pamoja na trafiki ya barabarani na barabara kuu. Kaunti imepewa usafiri wa ndani ya kaunti: barabara za kaunti, maegesho, usafiri wa umma wa mjini. Kwa hivyo kusajili chombo na kutoa leseni ya udereva ni kazi ya NTSA. Kupanga stenji iwe wapi, bajaji zigeuzie wapi karibu na Soko Mugdi, ada ya maegesho iwe ngapi, hiyo ni ya kaunti, kwa sheria iliyopitishwa na bunge la kaunti. Kukusimamisha na kukupeleka kortini ni polisi, na polisi hawako chini ya gavana. Ile lami kubwa iko chini ya KeNHA.

Kwa hivyo mgombea wa kaunti akisema "nitawaambia polisi wawaache", anakuuzia kitu ambacho si chake. Na mwingine wa kaunti hiyo hiyo akisema atafuta bajaji zote, hawezi kufuta usajili uliotolewa na NTSA. Anaweza kukataza zisiingie mtaa fulani, anaweza kuhamisha stenji. Si jambo dogo, lakini si kufuta.

Halafu kuna kosa ambalo mimi naliona ndilo linawaumiza vijana kuliko yote: risiti ya kaunti. Kijana analipa ada, anapewa stika, anaibandika kwenye kioo na kuamini ameshakuwa halali. Stika ya kaunti ni ada ya kutumia stenji. Haisajili chombo, na bima si bima. Ukitaka kuona udogo wake, vuka daraja. Ukifika Madogo uko Kaunti ya Tana River (mpaka wenyewe una ugomvi wake, tusiuingie leo), na stika yako ya Garissa pale ni urembo. Leseni na bima zinavuka daraja na wewe.

Upande wa usiku ndio mgumu zaidi huku kwetu, na ninaomba tuuseme bila kupaka rangi. Baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015, lililoua watu 148, serikali iliweka kafyu Garissa, Wajir, Mandera na Tana River, kuanzia saa kumi na mbili unusu jioni hadi saa kumi na mbili unusu asubuhi. Hakuna mtu mzima wa hapa asiyeelewa sababu. Lakini tuelewe pia njia. Kafyu ya kisheria inatolewa chini ya Sheria ya Utulivu wa Umma, Sura ya 56, na Waziri wa usalama wa ndani kwa ushauri wa Inspekta Jenerali. Inakuwa na eneo, saa na muda. Amri ya mdomo kwamba "boda zisionekane baada ya magharibi" ni kitu kingine, na raia ana haki ya kuuliza imeandikwa wapi. Anayeitoa mara nyingi ni ofisi ya kamishna wa kaunti, ambaye ni mtu wa serikali ya kitaifa, halafu lawama zinamwendea gavana.

Na gharama yake inaonekana saa nane usiku, mama akishikwa na uchungu kule pembeni ya mji ambako gari la kukodi halifiki. Anayetaka kura ajibu hilo kwanza: mgonjwa anafikaje hospitali siku boda zimezuiwa?

Sasa ile bili niliyosema.

Huku kwetu mtu akifa barabarani, wazee wa pande mbili wanaanza kupigiana simu kabla polisi hawajamaliza kupima alama za tairi. Diya, au mag kama Wasomali wanavyoiita. Hesabu ya jadi ni ngamia 100 kwa mwanaume na 50 kwa mwanamke (hiyo 50 ina mjadala wake na siukwepi, ila si wa uzi huu). Kwenye ajali wazee hujadiliana, kiasi kinashuka, kinageuzwa pesa. Lakini kinalipwa, na anayelipa si dereva peke yake. Wanaume wa ukoo wanachangishwa. Mwalimu aliyeko Wajir, mwenye duka Eastleigh, jamaa aliyeko Minneapolis ambaye hajawahi kumwona huyo kijana, wote wanapokea ujumbe wa mchango.

Kwa hivyo mtu akiniambia bajaji isiyo na bima ni riziki ya kijana maskini, tumwachie, mimi nauliza: ni nani amekubali kuwa bima yake? Jibu ni wewe na mimi. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 405, inalazimisha kila chombo barabarani kiwe na bima ya mtu wa tatu, na kwa anayebeba watu kwa nauli, abiria wake pia awe ndani. Kiwango ambacho sheria inalazimisha kinafika shilingi 3,000,000 kwa kila mtu aliyeumia au kufa. Nenda soko la ngamia, piga hesabu mwenyewe. Ila angalia bima uliyonunua: ile ya matumizi binafsi si ya abiria wa kulipa. Kampuni ikijua ulikuwa kwenye biashara, umeipa sababu ya kukataa.

Wapo wanaosita kwa sababu ya dini, wanaona bima ya kawaida ina riba na kamari ndani yake. Hoja hiyo naiheshimu. Lakini tangu 2011 Kenya imekuwa na kampuni ya takaful, na ufugaji wa huku umewahi kulipwa fidia ya ukame kwa mfumo huo huo. Waulizeni mashekhe wenu, msimuulize mgombea.

Na kabla hamjaniita mtetezi wa polisi, hii hapa sehemu ambayo serikali yenyewe ndiyo imekwamisha watu. Huwezi kupata leseni bila kitambulisho. Huwezi kusajili chombo kwa jina lako bila PIN ya KRA, na PIN inataka kitambulisho. Huku Kaskazini Mashariki kitambulisho kilikuwa na mlima wake: vetting, wazee, chifu, rudi kesho. Februari 2025, pale Wajir, serikali ilitangaza rasmi kwamba msako huo wa ziada kwa watu wa kaunti za mpakani umeondolewa. Wapo pia Wakenya ambao familia zao ziliandikishwa kambini Dadaab wakati wa ukame ili wapate chakula, sasa alama zao za vidole zinawasoma kama wakimbizi. Watetezi wa haki wamekuwa wakitaja watu kama 40,000. Kijana wa namna hiyo ana miaka 25, anaendesha vizuri kuliko mimi, na kwenye mfumo hayupo. Akisimamishwa hana cha kuonyesha, kwa hivyo anatoa kitu kidogo, leo na kesho na keshokutwa. Pesa hizo kwa mwaka zingenunua bima.

Hapo mbunge ana kazi halisi, kwa sababu usajili wa watu na NTSA viko Nairobi na yeye ndiye anakaa kwenye bunge linalovisimamia. Lakini sijasikia mkutano ambapo mtu ameuliza: hapa Garissa leseni za A3 zimetolewa ngapi, na wangapi wamekataliwa kwa kukosa kitambulisho? Ni rahisi zaidi kununua makoti ya kuakisi mwanga mia mbili na kuandika jina lako mgongoni.

Koti lenyewe ni sheria, lazima, pamoja na helmeti kwa dereva wa pikipiki na abiria wake, na abiria ni mmoja, si watatu na mbuzi. Jina la mgombea mgongoni ndilo sheria haijalitaja.

Uzi ujao ni ushuru wa soko la mifugo: nani anakusanya, na unaenda wapi.