Maji Yanajua Keja Yako Iko Chini, Ramani Je?

Kabla hujalipa diposti ya keja karibu na mto, hebu jiulize: sakafu hii iko juu ya mto kwa mita ngapi? Sisi huuliza kodi, stima na kama maji ya mfereji hukatika. Mwinuko? Hakuna anayeuliza, hadi usiku wa mvua.

Mafuriko ya 2024 yalipopiga Mathare na Mukuru, serikali iliamuru walio ndani ya mita 30 kutoka mtoni wahame. Matingatinga yakafuata. Lakini maji hayabebi utepe wa kupimia. Maji hufuata mkondo. Jirani aliye mita 20 kutoka mtoni, juu ya mwinuko, anaweza kulala pakavu. Wewe uliye mita 80, bondeni, unaamka godoro likielea.

Hapo ndipo laida inaingia. Ndege au droni hurusha miale ya leza ardhini, maelfu kwa maelfu kila sekunde. Mwale ukigonga kitu hurudi, na chombo hupima umechukua muda gani. Kwa kuwa mwanga husafiri takriban kilomita 300,000 kwa sekunde, muda huo hugeuzwa kuwa umbali. Mingine hupenya katikati ya majani hadi chini. Programu ikiondoa miti na mapaa, unabaki na sura ya ardhi yenyewe, ikikosea kwa sentimita chache tu, 15 hivi.

Sasa linganisha na data nyingi za bure za setilaiti: kipimo kimoja kwa kila mraba wa mita 30, na kinaweza kukosea kwa mita kadhaa. Mraba huo mtaani kwenu ni ploti ngapi, msee?

Wataalamu wakishapata sura ya ardhi, huongeza kiasi cha mvua na mtiririko wa mto, kisha kompyuta inaonyesha maji yataingia wapi kwanza na kwa kina gani. Ila leza haioni mtaro wa chini ulioziba kwa takataka. Huo lazima mtu ashuke aukague.

Kule Uingereza, shirika la mazingira la England lilianza kutoa data yake ya leza bure mwaka 2015. Mwanafunzi, fundi, mpangaji, yeyote anapakua.

Kwa hivyo siku ukiletewa notisi ya kuhama, au landilodi akikuapia kwamba hapa maji hayafiki, uliza swali moja tu: ramani iko wapi, na ilipimwa lini?