Uelekezaji mbadala wa data

Uelekezaji mbadala wa data ni utaratibu wa kupitisha mawasiliano ya programu za wingu kwenye seva au njia nyingine pale ile ya kwanza inapopata hitilafu.

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikadorora nchini Tanzania na katika nchi jirani. Kasoro haikuwa kwenye seva za ng'ambo, bali kwenye njia ya kuzifikia.

Tunduma, mji wa mpakani katika Mkoa wa Songwe, ni mahali ambapo Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano unaungana na Zambia. Njia ya nchi kavu kama hiyo husaidia ikiwa tu haiishii kwenye waya uleule uliokatika, tena ina nafasi ya kubeba mzigo wa ziada.