Malungu Nayo Yanataka Kiki

Oya wanangu, tukubaliane kitu kimoja: kwa kiki, Swanga hatujambo. Shuka stendi yoyote Dar, sema umetokea Sumbawanga, mtu anakukagua miguu kabla ya salamu, halafu anakuuliza umekuja na basi au na ungo. Utani huo wa uchawi umezunguka nchi nzima miaka nenda rudi na haujatuingizia hata jero. Wakati huohuo, kitu ambacho kingewaleta watu huku wenyewe, tena na simu zao mkononi, kimesimama mashambani na mbuzi wanajikunia mgongo.

Nazungumzia malungu, yale matanuru ya kuyeyushia chuma ya wazee wetu wa Ufipa. Mengine yanafika kama mita 3 kwenda juu, yamejengwa kwa udongo wa kichuguu, na chini yamezungukwa na matundu makubwa ya kupitisha hewa. Chungulia ndani uone ukuta ulivyoungua. Pembeni yamezagaa mavi ya chuma. Ndiyo jina lake, msicheke.

Sasa ujanja wenyewe uko hapa: hakukuwa na mtu wa kuvukuta. Mafundi walipanga mkaa na mawe yenye chuma, wakawasha, na urefu wa tanuru ukavuta upepo wenyewe kupitia yale matundu. Moto ukala siku kadhaa. Kilichotoka kikapelekwa kwenye tanuru dogo, hilo ndilo la mivukuto, kikasafishwa, ndipo jembe likapatikana. Kazi hiyo iliendelea mpaka enzi za mkoloni, majembe ya dukani yakaja kuiua. Profesa Bertram Mapunda alichimba kule Nkansi akaonyesha kwamba malungu ni mtindo mmoja tu kati ya kadhaa, yakiwemo matanuru mafupi ya katukutu. Yaani hawa watu walikuwa na matoleo, kama simu.

Sasa uliza dogo wa Kantalamba au Kizwite, hapahapa Swanga, lungu ni nini. Wapo wanaojua, ila wengi watakuzuga. Na sio kosa lao. Makumbusho ya Taifa yana vituo Dar, Arusha, Butiama na Songea. Kwetu ni vumbi na stori za wazee.

Ila hata huko kwenye majengo, nyumba nzuri peke yake haimuiti mtu. Fungua kurasa za taasisi nyingi mtandaoni uone wanavyojitangaza: mgeni rasmi kakaa katikati, suti imembana, watumishi wamepanga mstari nyuma, chini maelezo marefu kama barua ya uhamisho. Nani atadata na hiyo? Mtu anataka kuona kitu kinafanya kazi, au angalau aambiwe stori mpaka asahau kutoa simu.

Wenye akili ya kuvuta watu tunao humuhumu nchini. Kijiji cha Makumbusho pale Kijitonyama wamejenga nyumba za makabila kwa ukubwa wake kamili, ngoma zinapigwa, na kuna siku jamii moja inaalikwa ije yenyewe ipike, icheze na ijieleze. Jina limekolea mpaka stendi ya daladala inaitwa Makumbusho, japo sina uhakika kama konda anayeliita kutwa nzima ashawahi kuvuka geti.

Songea ndiyo wamenimaliza. Kila Februari 27 watu wanajaa Makumbusho ya Majimaji kuwakumbuka mashujaa walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Hakuna anayekwenda kuangalia vitu vya kale pale. Wanakwenda kwenye msiba wao. Ndiyo maana Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Steinmeier, alifunga safari mpaka Songea kuomba msamaha. Nako Bujora, Mwanza, makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement yana sikukuu ya Bulabo kila mwaka: vikundi vya Wagika na Wagalu vinashindana ngoma, majoka yanatolewa, kila upande unataka umati uhamie kwake. Mashabiki ndio tangazo lenyewe.

Na sisi? Tuna stori ambayo ingekuwa filamu ya mjini tayari. Pale Milanzi, mtawala Ntatakwa alimuonya mkewe: nikiwa safarini, wageni wakija, kigoda cha utawala usiwape. Wakaja wanawake watatu wageni, wakaomba kukaa. Mama wa watu akaingiwa na woga, akatoa kigoda. Mzee anarudi, anakuta nchi ina wenyewe wengine. Ndivyo watawala wa Kitwachi, ukoo wa wanawake hao, walivyoingia, na Milanzi ikabakiwa na eneo dogo na heshima yake. Mpe mzee anayejua kuisimulia hiyo dakika tatu mbele ya kamera, acha upepo wa baridi wa Ufipa usikike, usiweke muziki wa kukopa. Sehemu ya kigoda ikate katikati. Watu watakesha wakiuliza ya pili iko wapi.

Halafu kuna maporomoko ya Kalambo. Mwaka 2023 watafiti walitangaza kwamba karibu na maporomoko yale, upande wa Zambia, wamekuta magogo mawili yaliyochongwa yakakaa kwa kushikana, yana miaka kama 476,000. Hiyo ni kabla binadamu wa aina yetu hajawepo. Wazambia wenyewe wana makumbusho ya Moto Moto pale Mbala, ng'ambo tu ya mpaka. Washkaji wetu wanaoshuka Kalambo kuuza sura mbele ya maji wangeambiwa hilo kabla ya picha, wangepiga nyingine.

Mchongo wangu basi: tusisubiri jengo. Tuanze na lungu moja. Jipya lijengwe pembeni, ya zamani yasiguswe, liwashwe mara moja kwa mwaka. Usiku kucha tukiwashe kweli, moto mbele, migebuka ya kukaanga pembeni, madogo wa shule wakipokezana kubeba mkaa na mawe. Kiingilio buku, watoto bure. Mwenye shamba apate chake, fundi apate chake, na dogo wa boda anayeleta wageni afundishwe stori asiishie kusema "hapa ndo penyewe".

Kazi ngumu itakuwa kukubaliana na wazee. Tanuru lilikuwa linapambwa kama bibi harusi, lina dawa zake na miiko yake. Mafundi walikaa mbali na wake zao mpaka kazi iishe. Kuna vitu mzee atakwambia zima simu, na hapo unazima bila kuleta shobo. Mgeni aambiwe mapema kipi cha kutupia mtandaoni na kipi kinabaki palepale. Na ratiba iwekwe kiangazi, mahindi yakishavunwa na njia za vijijini zinapitika, maana mvua ya Ufipa haimsubiri mgeni rasmi.