Mgongo Ukiuma, Usikimbilie Kulala

JE, kiuno hukuuma kila unapoinama kuinua mtungi wa maji? Huamka asubuhi shingo imekakamaa hata kugeuka ni taabu? Hauko peke yako, msomaji. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa mwaka wa 2020, watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo.

Kwa mkazi wa Korbesa, Kaunti ya Isiolo, maumivu haya si ajabu. Mtungi wa lita 20 ukijaa maji huwa na uzito wa kilo 20. Ongeza kuni, mtoto wa kubeba na mwendo mrefu wa kufuata mifugo, nawe utaona kwamba mgongo haupati nafasi ya kupumzika.

Wengi hudhani dawa ni kulala mpaka maumivu yaishe. Sivyo. Misuli isiyotumika hulegea, na maumivu hudumu zaidi. Ukizidiwa, pumzika siku moja au mbili, kisha uanze kutembea na kufanya kazi nyepesi. Mwongozo uliotolewa na WHO mnamo Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unapendekeza mazoezi, na haupendekezi mishipi ya kufunga kiunoni.

Mazoezi ya nyumbani

Tandika mkeka, ufanye haya kila siku:

* Lala chali, ukunje magoti. Vuta goti moja hadi kifuani, hesabu hadi 10, kisha uvute la pili. Rudia mara tano.

* Ukiwa bado chali, inua kiuno polepole, kisha ukishushe. Rudia mara 10.

* Kwa shingo, keti wima. Geuza uso kulia polepole, hesabu hadi tano, kisha ugeuke kushoto. Usimruhusu mtu kuipinda shingo yako kwa nguvu.

Maumivu yakizidi au yakiteremka mguuni, acha zoezi hilo.

Unapoinua mzigo, kunja magoti badala ya kuinamisha mgongo, na uuweke karibu na mwili. Mitungi miwili ya lita 10, mmoja kila mkono, ni nafuu kuliko mmoja wa lita 20. Ikiwa kuna punda, mwache abebe yeye.

Si kila maumivu ni ya kazi

Hapa wafugaji wasikilize kwa makini. Maumivu ya mgongo yanayoandamana na homa ya mara kwa mara, jasho la usiku na uchovu yanaweza kuwa bruselosi, ugonjwa unaotoka kwa mifugo. Huambukizwa kwa kunywa maziwa yasiyochemshwa au kumzalisha mnyama kwa mikono mitupu. Kifua kikuu nacho hushambulia pingili za mgongo, na kisipotibiwa huweza kuleta kibyongo au kupooza. Magonjwa haya hayatibiwi kwa mazoezi, kukandwa wala kuchomwa kwa chuma cha moto. Yote mawili yana dawa, na zile za kifua kikuu hutolewa bure katika hospitali za serikali.

Nenda hospitalini bila kuchelewa ikiwa:

* Miguu inakosa nguvu, au unakufa ganzi katikati ya mapaja.

* Huwezi kuzuia mkojo au choo, au mkojo hautoki.

* Maumivu yameanza baada ya kuanguka au ajali ya bodaboda.

* Unakonda bila sababu, au maumivu hayakuachi hata usiku.

* Shingo imekakamaa, una homa na kichwa kinauma sana.

Maumivu ya kawaida yakipita wiki sita, omba kuonana na mtaalamu wa tiba ya viungo. Atakupima na kukuchagulia mazoezi yanayokufaa.

Safari ya kutoka Korbesa hadi mjini Isiolo ni ndefu, kwa hivyo usiende kurudi na tembe za kutuliza maumivu pekee. Mweleze daktari maumivu yalianza lini, kama una homa, na kwamba unafuga na hunywa maziwa mabichi. Maneno hayo machache ndiyo yatakayomfanya akupime damu.