Kompyuta Mpakato: Tusinunue Mkakasi

Wahenga wetu walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii ni ya zamani, lakini yafaa ikumbukwe leo katika kila ofisi ambamo orodha ya ununuzi wa kompyuta mpakato inasubiri sahihi ya mkubwa.

Asubuhi moja nilihudhuria mkutano katika kijiji kimoja cha pwani ya mashariki ya Unguja. Kinamama wakulima wa mwani walikuwa wameitwa kuelezwa hesabu za bei. Afisa aliyefika alitoa mkobani kompyuta nyembamba kama sahani ya bati, inayong'ara, nasi sote tukaisifu. Lakini waya wa projekta haukupata tundu la kuingia. Kipande cha kuunganishia kilikuwa kimesahauliwa mjini, akatumwa kijana kwa pikipiki kukifuata. Kabla hajarudi maji yalianza kutoka, na kinamama wakainuka mmoja mmoja kwenda kwenye mwani wao, kwani bamvua halimngoji mtu. Siku ile bei hawakuzijua.

Simlaumu afisa yule. Kosa lilitendeka mapema zaidi, siku chombo kile kilipochaguliwa kwa sura yake.

Ugonjwa huu haukuanzia kwetu. Mwezi Januari 2008, mjini San Francisco, Steve Jobs wa kampuni ya Apple alitoa kompyuta ndani ya bahasha ya karatasi mbele ya hadhara, na ulimwengu ukashangaa. Ili iwe nyembamba kiasi kile, ilikuwa na tundu moja tu la USB, na betri ambayo mwenyewe hakuweza kuibadilisha kwa mikono yake. Mwaka 2015 kampuni hiyo hiyo ilitoa nyingine, nyembamba zaidi, yenye kibodi ya namna mpya. Punde watumiaji wakaanza kulalamika kwamba herufi zinakwama au zinajirudia. Mwaka 2018 kampuni ikatangaza mpango wa kuzitengeneza kibodi hizo bila malipo. Na mwaka 2022, baada ya kushtakiwa na wateja wa Marekani, ikakubali kulipa dola milioni 50 kuimaliza kesi, bila kukiri kosa. Kabla ya hapo, mwaka 2021, ilikwisha kuzirudisha katika kompyuta zake kubwa tundu za projekta na za kadi za picha ilizokuwa imeziondoa mwaka 2016. Ikiwa mwenye kutengeneza amerudi nyuma, sisi wanunuzi tuna sababu gani ya kung'ang'ania wembamba?

Hata hivyo, tusidhani kwamba uzuri na manufaa ni maadui. Mwaka 1992 kampuni ya IBM ilitoa ThinkPad, iliyobuniwa na Mjerumani Richard Sapper kwa mfano wa kisanduku cha chakula cha Kijapani: cheusi, cha pembe nne, kisicho na mapambo. Sura ile haikuwa na majivuno, lakini kibodi yake ilisifiwa na watu wa kazi, na umbo lake limedumu kwa miaka mingi. Aidha, wepesi nao ni manufaa. Mwalimu avukaye kwa mashua kwenda Kojani hawezi kubeba jiwe begani.

Basi tupime kwa utaratibu: kwanza kazi, pili mahali, tatu sura. Karani anayechapa barua kutwa anahitaji kibodi nzuri na skrini isiyoumiza macho. Afisa wa mikutano anahitaji tundu za kutosha. Na mahali petu ni visiwa: hewa ya chumvi hula vyuma, na unyevu huingia kila penye upenyo. Umeme nao tunaujua. Unguja ilikaa gizani takriban mwezi mzima mwaka 2008, na takriban miezi mitatu tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010. Aliyepitia siku zile hahitaji kufundishwa thamani ya betri inayodumu, na inayoweza kubadilishwa na fundi wa hapa hapa bila kuvuka bahari.

Ndugu zetu wa ununuzi, kabla ya sahihi kutiwa, kompyuta moja ya mfano iletwe mezani. Karani aichape ukurasa mzima, projekta iunganishwe, chaja ichomolewe na saa itazamwe. Fundi aulizwe kama vipuri vyake vinapatikana. Jaribio hilo ni la asubuhi moja tu, wala halina gharama.

Fedha ya kununulia vyombo hivi ni jasho la umma, likiwemo jasho la kinamama wale wa mwani. Wana haki ya kuona chombo kikiwatumikia kabla maji hayajatoka.