Sultani Aliyependa Muziki na Vitabu

Taarabu tunaisikia redioni na harusini, hata huku Bulyaga, mbali na bahari. Muziki huu ulitoka Unguja. Waunguja husimulia kuwa aliyeukaribisha huko ni Sultani Barghash bin Said. Alitawala tangu mwaka 1870 hadi 1888.

Barghash alipenda muziki wa Misri. Alimtuma kijana mmoja, Mohamed bin Ibrahim, aende Cairo kujifunza kupiga kanuni. Kanuni ni ala yenye nyuzi nyingi, nayo hupigwa kwa vidole. Mohamed aliporudi aliwafundisha wenzake. Wakawa wanampigia Sultani jumbani.

Barghash alipenda vitabu pia. Mwaka 1875 alitembelea Uingereza. Baadaye aliweka Unguja mtambo wa kupiga chapa. Karibu na mwaka 1880 mtambo huo ulianza kutoa vitabu vya dini na sheria.

Lakini tukumbuke jambo moja. Sehemu kubwa ya mali ya Unguja ilitoka katika mashamba ya karafuu, na mashamba hayo yalilimwa na watumwa. Mwaka 1873 Waingereza walimshurutisha Barghash kufunga soko la watumwa. Hata hivyo, utumwa uliendelea. Vitabu vile viliandikwa kwa Kiarabu, na nyimbo za jumbani ziliimbwa kwa Kiarabu. Mtu wa shamba hakupata faida yake.

Mmoja wa walioitoa taarabu jumbani na kuipeleka kwa watu ni Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880. Wazazi wake walikuwa maskini. Alikuwa akiuza vyungu. Hakujua kusoma, hivyo nyimbo alizishika kichwani. Aliimba kwa Kiswahili mambo ya watu wa kawaida. Mwaka 1928 alikwenda Bombay, India, na sauti yake ikatiwa katika santuri. Alifariki mwaka 1950, lakini sauti yake ingali inasikika.

Sultani alikuwa na mali ya kumtuma mtu Misri. Sisi tuna kalamu na daftari. Wazee wetu hapa Rungwe wanajua nyimbo ambazo hazimo kitabuni. Mzee akifa, wimbo wake huzikwa naye. Tumwulize angali hai, tuuandike.

Maswali
1. Mohamed bin Ibrahim alitumwa Cairo kufanya nini?
2. Kwa nini watu wengi hawakufaidi vitabu vya Sultani?
3. Andika wimbo mmoja uliofundishwa na wazee wako.