Kurithishana Maarifa: Fundisho la Jeshi la Wahehe kwa Mwalimu

Mwanachuo aendapo shuleni kwa mazoezi ya kufundisha hukabidhiwa chaki, vitabu na daftari la mahudhurio. Ni mara chache kukabidhiwa yale ambayo mwalimu aliyemtangulia ameyagundua juu ya wanafunzi wenyewe. Hasara hiyo tutaitazama kwa mfano wa jirani zetu wa kusini, ng'ambo ya Mtera, yaani Wahehe wa Mtwa Mkwawa.

Ushujaa wa Mkwawa husimuliwa sana madarasani. Lisilosisitizwa ni kwamba maarifa yake ya vita hayakuwa yake peke yake. Mbinu za Wazulu wa Shaka zilikuja kaskazini pamoja na Wangoni, waliovuka mto Zambezi mwaka 1835. Wasangu walijifunza kwa kupigana na Wangoni. Nao Wahehe, chini ya Munyigumba, baba yake Mkwawa, wakajifunza kwa Wasangu. Hakuna aliyeona haya kujifunza kwa adui. Tena vijana walikaa makao ya mtwa wakifundwa, hata maarifa yakaenea katika vichwa vingi. Ndiyo maana tarehe 17 Agosti, 1891, huko Lugalo, wapiganaji waliojificha waliweza kuinuka kwa pamoja na kulivunja jeshi la Emil von Zelewski kwa muda mfupi sana. Zelewski mwenyewe aliuawa. Msafara wake ulikuwa ukienda bila kuipeleleza njia ipasavyo.

Hata hivyo, aliyeshindwa ndiye aliyejifunza zaidi. Luteni von Tettenborn, aliyekuwa nyuma ya msafara, alinusurika na kupeleka habari za yaliyotokea. Wajerumani walirudi na mizinga, na tarehe 30 Oktoba, 1894, wakaiteka Kalenga. Wahehe safari hii walimngoja adui ndani ya ngome. Kwa maoni yetu, ushindi wa Lugalo ulibaki kuwa jambo la kujivunia, ukaacha kuchunguzwa. (Wako watakaosema kwamba mizinga ingeshinda kwa vyovyote; hatubishani nao sana.) Mkwawa aliendelea kupigana porini hadi alipojiua mwaka 1898.

Turudi darasani. Tulipata kumkagua mwanachuo aliyefundisha sehemu katika Darasa la Nne. Matayarisho yake yalikuwa mazuri, lakini watoto walimtazama tu. Baadaye tukaambiwa kwamba mwalimu aliyehama alikwisha kugundua kuwa nusu ya darasa haijui kugawanya, naye alikuwa akiwazoeza kila asubuhi. Hakuandika popote. Wiki 3 zilipotea, mwanachuo akidhani watoto wale ni wazito. Hawakuwa wazito hata kidogo.

Andalio la somo lina nafasi ya maoni mwishoni, na wengi wetu huijaza kwa maneno "somo limeeleweka". Maneno hayo hayamsaidii yeyote. Yapasa kuandika ni wanafunzi gani walikosea, walikosea wapi, tulijaribu njia gani, na ipi haikufaa. Hasa ile isiyofaa, kwa maana ndiyo tunayoona haya kuiandika. Mwanachuo akifika shule mpya, kwanza amwendee mwalimu wa darasa na kumwuliza hayo hayo kabla ya kuandika azimio la kazi. Na siku ya kuondoka, ukurasa mmoja wa maelezo hayo ubaki katika kabati la darasa, usisafiri naye sandukuni.